Wimbo wa Mashini ya Tatu

"Mi hapana naimba, Mama Kavuo, na hapana naweka wimbo mu mashini. Mi niko na barabara tu," Issaka alisema, mkono juu ya ua wa mbao. "Mutu akipita na kuku ya kuiba, utafunga barabara?"

"Barabara haina mutu mwenye kukaa ku mulango na kuandika majina ya benye kupita," Kavuo akajibu. "Tena barabara hapana sikia. We uko na masikio. Mwezi yenye ilipita nilikuambia."

Majirani walikuwa wameshatoka na viti vyao. Mtaa wa Bungulu wa mwaka ule wa elfu mbili na mbili haukumwacha mtu agombane peke yake. Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni na karanga mkononi, akakaa. Leo kila mtu amebeba intaneti mfukoni na kuichungulia peke yake kama mwenye jipu, na Issaka akiikumbuka siku ile, vile viti ndivyo humjia kwanza.

Alikuwa na cyber, nyumba ya intaneti yenye mashini nne, sahani ya parabole juu ya mabati, na groupe, jenereta yake, ikinguruma nyuma ya choo. Watu walikuja kutafuta ndugu waliotawanywa na vita. Mmoja akifungua barua, kumi waliisoma begani mwake, na ikiwa na habari njema chumba kizima kilipiga makofi. Waasi walioshika mji walitaka kila anayeingia aandikwe kwenye kaye, daftari la mlangoni, na Issaka aliandika, huku akipiga soga.

Kavuo naye alitunga wimbo. Dada yake Kasika alipotea tangu mapigano ya Luofu, na wimbo ulimwambia waziwazi: Kasika, niko hai, niko Bungulu, nyuma ya soko, mlango wa buluu. Aliuimba parokiani, mtu akaurekodi, na mteja mmoja akauingiza katika mashini ya tatu. Watu wakamiminika kuusikiliza na kuunakili. Kavuo hakuchukia, yeye alitaka ufike mbali. Alikuja kwa heshima tu, akamwambia Issaka: mwenye kuchukua achukue na jina langu, asiguse maneno, na kama haiwezekani, uutoe. Issaka akasema ndiyo mama, kesho. Kesho ile haikufika. Nyumba ilikuwa imejaa, na Issaka, tuseme ukweli, nyumba yake ikijaa alisahau hata njaa.

Sasa wimbo ulikuwa umerudi kutoka Butembo ndani ya kaseti. Mteja fulani aliutuma wimbo huko, ukamfikia mwimbaji aitwaye Vagheni. Huyo akauimba upya kwa sauti yake, akaandika jina lake kwenye karatasi ya kaseti, na penye Bungulu akatia Butembo, maana ndiko wanunuzi wake walikokuwa.

"Kasika akisikia, atakwenda kunitafuta Butembo," Kavuo alisema. Sauti yake ilishuka. "Atazunguka mule mote, anauliza batu mulango ya buluu."

Josaphat, mume wake, akasimama. "Donc basi, tumupeleke ku bureau. Ile sahani yake batang'oa, bapikie ndani majani ya sombe."

Watu wakacheka. Issaka hakucheka, bureau ya waasi ilikuwa imeshachukua pikipiki za watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Akakimbia ndani, akarudi na kaye.

"Mwenye kutuma iko humu. Mupeleke hii, na muache parabole yangu."

Kavuo akafungua, akateremsha kidole polepole. Ukurasa wa siku wimbo ulipotumwa ulikuwa na Kakule tisa. Kwa Wanande, kabila la mji ule, jina hufuata zamu ya kuzaliwa, na nyumba yenye wavulana wa kutosha haikosi Kakule wake. Issaka hakuwahi kuandika zaidi ya jina hilo moja.

"Huyu ni Kakule mulinzi wa kanisa? Ao ni ule bwana ya Kavira?"

"Hapana juwa, mama. Nilikuwa naongea na batu."

"Alikuwa naongea," mtu mmoja akasema kutoka kwenye viti. "Huyu, hata siku ya kumuzika, tutangoja amalize."

Kavuo alifunga kaye. "Nikipeleka hii, batapiga ba Kakule tisa juu ya moja. Na pengine ule moja alitumia ndugu yake wimbo tu. Kamata kaye yako, Papa Issaka. Mi sikuambia Kakule. Niliambia we."

Issaka akaipokea kaye kwa mikono miwili. Alitamani apigiwe kelele.

Kesho yake hakuwasha groupe. Alipanda lori la shemeji yake Aruna, waliyeswali naye msikiti mmoja, akaenda Butembo. Vagheni hakuona haya: wimbo ulinifikia bila mwenyewe, alisema, kama mbuzi asiye na kamba. Sheria ya mambo hayo hakuna aliyeijua, na serikali ya kuitunga ilikuwa Kinshasa, ng'ambo ya vita. Basi Issaka alikaa naye akamsimulia habari za Kasika, na jinsi yeye mwenyewe alivyosema kesho. Jioni Vagheni alikubali kuuimba tena na Bungulu yake. Kaseti zilizobaki Issaka alizibandika karatasi kwa mkono wake, moja moja: wimbo huu ni wa Kavuo, Bungulu, nyuma ya soko.

Siku ya tatu alirudi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kavuo alikuwa mlangoni akichambua maharage.

"Vagheni alisimamisha zile kaseti?"

"Zenye zilibakia. Gunia moja ilikwisha kwenda Lubero."

Kavuo alichagua punje mbovu, akaitupa, akachagua nyingine. Issaka akageuka aende kwake.

"Kuku iko jikoni, imefungwa muguu," akasikia nyuma yake. "Josaphat alitaka kuichinja, nikamukataza. Akichinja ye, we Muislamu utabakia kutuangalia tu. Kamata kisu, umalize, kisha uingie tukule."