Kisahani cha Hilda

Katika nyumba ya mawe ya mzee Wilfred Ackroyd, kwenye mteremko juu ya mji wa Halifax, ilikuwa marufuku kuwasha joto kabla ya Novemba. Hata barafu yenyewe ingepiga hodi, ikaingia sebuleni na kujimiminia chai, ingeambiwa kama walivyoambiwa wengine wote: "Vaa sweta." Wilfred alirithi sheria hiyo kwa baba yake, naye baba yake kwa babu, na kwa jinsi alivyoitetea ungedhani alizaliwa na sweta mwilini.

Mkewe Hilda aliipinga sheria hiyo muda wote wa ndoa yao. Uwanja wa vita ulikuwa ukumbi mwembamba kati ya sebule na jikoni, ambako kulikuwa na kisahani cha plastiki ukutani, kimegeuka manjano kama meno ya mvuta kiko. Ukikizungusha kulia, boila la jikoni linanguruma, linapeleka maji ya moto kwenye vyuma vya ukutani, na nyumba inapata joto. Ukikirudisha kushoto, linanyamaza. Hilda akienda jikoni, alikizungusha kulia. Wilfred akienda chooni, alikirudisha kushoto. Hakuna aliyemshtaki mwenzake. Mara moja moja tu Hilda alisema, "Wilf, vidole vyangu vimekufa," na Wilfred akajibu, "Basi vizike kwenye soksi," na wote wawili wakaendelea na magazeti yao wameridhika kabisa.

Hilda alifariki majira ya kuchipua. Oktoba ilipofika, Wilfred alikwenda chooni na njiani akanyoosha kidole gumba kama kawaida, akakikuta kisahani palepale alipokiacha. Kushoto. Haja ikamwisha. Kisha akakizungusha kulia mwenyewe, akaenda jikoni kwa hatua fupifupi za Hilda, akarudi kwa hatua zake na kununa.

"Nani amegusa hii?" aliuliza ukumbi.

Akakirudisha kushoto. Hapo ndipo alipoweza kwenda kuchemsha chai.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake mpaka binti yake, Gaynor, alipokuja kutoka Leeds bila taarifa na kumkuta amekaa na koti na kofia mbele ya televisheni.

"Baba, naona pumzi yangu humu ndani!"

"Shukuru kuwa unayo."

"Sicheki. Daktari alisema nini kuhusu kifua chako? Unataka nije siku moja nikukute umekuwa samaki wa friji?"

"Samaki wa friji hasumbuliwi na watoto wake."

Gaynor hakucheka kweli. Alikaa kwenye mkono wa kiti cha mama yake, akasema polepole kwamba kuna njia mbili. Ama nyumba ifungwe mtambo wa kisasa, auone yeye kwenye simu yake akiwa Leeds, ama Baba ahamie Fernlea, nyumba ya kutunzia wazee kule bondeni.

"Ikishuka chini ya digrii kumi na nane, simu yangu inalia," alisema. "Ikilia, Baba, tunakwenda Fernlea. Tumekubaliana?"

Wilfred alitazama ukuta wa ukumbini. Katika nyumba hii alitaka kufia. Mambo mengine yote yalikuwa ya kujadiliwa.

"Tumekubaliana," alisema.

Fundi alikuja akipiga mluzi. Aliliacha boila kuukuu lilivyo, akalipachika kisanduku cha kupokea amri, kisha akang'oa kisahani na kufunika tundu lake kwa kipande cha plastiki.

"Hiki ni cha kutupa, mzee wangu."

"Kitupe humu," Wilfred alisema, akapanua mfuko wa sweta.

Badala yake fundi aliweka kidude cheupe juu ya kabati la sebuleni, kama kipande cha sabuni kilichosimama kwa mguu mmoja. Hakikuwa na waya. Kilipima joto pale kilipo, kikaliambia boila la kufanya, kikamwambia na Gaynor. Gaynor alikiweka digrii ishirini na moja, akakifunga kisiweze kuguswa.

Basi joto likaja. Lilipanda ngazi, likaingia hata chumba cha wageni ambacho hakikuwahi kulionja. Wilfred alikaa na shati peke yake, mikono mitupu, kama mtu aliyekamatwa uchi. Siku ya tatu vitambaa vya viti vilipopata moto sawasawa, vilianza kutoa harufu ya mafuta ya mikono ya Hilda. Joto lote Hilda alilokuwa akiliomba lilikuwa limekuja, limejaa nyumba nzima, na kiti chake kilikuwa kitupu. Wilfred alifungua madirisha yote. Boila likanguruma kwa nguvu zaidi.

Ndipo mzee huyu mheshimiwa, mwimbaji wa zamani wa kwaya ya kanisa, alipofanya utundu. Alichemsha maji, akayatia kwenye chupa ya mpira ya kulalia, akaiegemeza kwenye kile kidude, akavifunika vyote viwili kwa kofia ya sufu aliyoifuma Hilda kwa ajili ya birika la chai, ya kijani, yenye kishada utosini. Kidude kikajiona kipo ufukweni. Boila likanyamaza.

Jioni Gaynor alipiga simu. "Ishirini na nne! Baba, unakaanga mayai kwenye zulia?"

"Nimebaki na singlendi, mwanangu," alisema Wilfred, akiwa na makoti mawili.

"Unaona sasa? Nilikwambia."

"Uliniambia."

Alipoweka simu alichukua bisibisi, akakifunga kisahani pale pale pa zamani. Nyuma yake hakikuunganishwa na chochote. Akakizungusha kulia, akaenda jikoni kwa hatua fupi.

Theluji ilianguka vilimani. Kila maji ya chupa yalipopoa, Wilfred aliyabadilisha, na kila alipoyabadilisha, birika lilikuwa zito kuliko mara iliyotangulia. Kikohozi kilishuka kifuani kikakaa. Angeweza kuinua ile kofia ya kijani na kuiacha nyumba ipate moto. Aliikaribia mara kadhaa, akanusa hewa baridi isiyo na harufu ya mtu, akageuka.

Alasiri moja alipita ukumbini, akanyoosha kidole gumba, na hakuweza kukumbuka ilikuwa zamu ya nani. Aliona ni adabu kumsubiri Hilda apite. Alisubiri amesimama, kisha ameegemea ukuta, kisha ameketi sakafuni, miguu yake ikiwa imekataa amri.

Chini ya kofia, chupa ilipoa. Kidude kikaamka na kuagiza moto, na kwa kuwa moto haukupenya upesi kwenye sufu, kikaendelea kusikia baridi na kuagiza zaidi. Boila likanguruma kuliko wakati wowote. Pale sakafuni, Wilfred alisikia chuma cha ukutani kikigonga-gonga kwa kupata moto.

"Hilda?" aliita. "Umegusa?"

Ilikuwa zamu yake sasa. Aliinua mkono kuelekea kisahani, ukafika nusu ya ukuta. Akaushusha.

"Haya, mama," alisema. "Acha hivyo hivyo."

Kidude kilipofika digrii kumi na saba, kule Leeds simu ililia.

Gaynor alimkuta hai, katika nyumba iliyochemka kama jiko la mkate. Watu wa gari la wagonjwa walipokuwa wakimfunga kwenye machela, aliingia sebuleni akaiona kofia ya kijani. Aliiinua, akaona chupa, akairudisha kofia mahali pake taratibu kama mtu anayemfunika mtoto. Hakumgombeza baba yake hata siku moja, na hilo ndilo lililomjulisha Wilfred kwamba mambo yamekwisha.

Kule Fernlea chumba chake kina joto jema, mchana na usiku. Gaynor alipomtembelea mara ya kwanza alimkuta amesimama kando ya mlango, anapapasa ukuta kwa kidole gumba.

"Unatafuta nini, Baba?"

"Humu anayezungusha ni nani?"

"Hakuna mtu. Inajiendesha yenyewe."

Wilfred akauondoa mkono wake ukutani.