Mkono wa Kushoto wa Baba

Nilichanganya mifupa ya baba yangu na ya watu wengine wawili, na mama alikuwa amebakiza miezi michache ya kuishi. Sikufanya kwa ubaya. Mimi ni mkulima wa kahawa, na mikono yangu haijui kuona rundo ikaliacha lilivyo.

Baba alichukuliwa mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari, mimi nikiwa bado mtoto wa mgongoni. Alipelekwa kwenye kambi ya askari ng'ambo ya mto wetu, chini ya soko la Githongo, na hakurudi. Mama yangu, Mukiri, hakuolewa tena. Mimi niliacha shule darasa la tano nikashika jembe. Uhuru ulipokuja kambi ilivunjwa, handaki lililoizunguka likajaa udongo, na baada ya miaka mingi kipande kile cha shamba nikakinunua mimi. Oktoba ya mwaka wa elfu mbili na nne, nikichimba mashimo ya miche pamoja na jirani yangu Riungu, jembe liligonga mfupa. Kisha mwingine.

Moyo wa mama ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa ametuambia tusimhesabie mvua za mwaka ujao. Tulimweleza tulichokipata. Akasema mume wake azikwe hapa nyumbani, kwenye kaburi lake, asichanganywe na mtu, na kando yake iachwe nafasi.

Mtu wa kuuliza nilikuwa naye. Binti yangu Kaari alikuwa Uskoti akisomea shahada ya pili ya mifupa ya binadamu. Ukimpa mfupa anakuambia kama ni wa mwanamume au wa mwanamke, wa umri gani, na kama uliwahi kuvunjika. Hapa kwetu walisema nimempeleka mtoto ng'ambo kusomea uchawi. Aliniandikia kwamba kule, wakati wa baridi, jua huzama saa tisa na nusu mchana, na kwamba darasani hakuna mwingine aliyetoka Afrika. Siku ya kwanza waliyoambiwa washike fuvu, wenzake walikwenda kula na yeye akabaki ananawa mikono, akanawa tena, kwa sababu nyanya yake alimlea akimwambia kuwa zamani aliyegusa mfu hakula na watu mpaka atakaswe.

Nilimpigia simu. Aliongea polepole, kama unavyomsemesha mtoto aliyeshika kisu. Nisiguse kitu. Nifunike shimo kwa nailoni, nimwite chifu, yeye angefika Desemba. Chifu alikuja, akatazama, akaandika, akaenda. Kisha mvua ikaanza, maji yakaingia chini ya nailoni, na mama akasema hataki mume wake anyeshewe mara ya pili.

Nikaitoa mifupa yote. Niliibeba hadi stoo ya kahawa, nikaiosha kwa sabuni, nikaitandaza juu ya magunia. Siku ile ukungu ulishuka mlimani ukaingia mpaka mlangoni, na mvua ilipiga mabati kwa sauti moja bila kupumzika. Ulikuwa msimu wa kuchuma. Kila jioni kwa wiki tatu nilikuwa nimeketi mahali hapohapo nikichambua kahawa, mbivu huku, mbichi kule, na mikono ikaendelea. Mirefu na mirefu. Mbavu na mbavu. Vidole na vidole. Sikuwaza. Niliona kama nimelala nikiwa nimefumbua macho, na baba ameketi upande wa pili wa gunia, sura yake imefichwa na ukungu, ananipokeza mmoja mmoja. Nilipozinduka nilikuwa na magunia manne yaliyopangwa vizuri sana. Niliona fahari.

Kaari alifika tarehe kumi na moja Desemba, amekonda, amevaa koti la kule. Alisalimia nyanya yake, akaomba chai, akaja stoo. Alifungua gunia la kwanza. Alifungua la pili. Kisha akaketi juu ya debe.

"Baba, ni nani aliyepanga hivi?"

"Ni mimi."

Hakugombana nami. Alinieleza tu. Mifupa ya paja la kushoto ilikuwa mitatu, kwa hiyo watu ni watatu. Ndani ya udongo kila mmoja alikuwa amelala kwa mpangilio wake, kichwa chake juu ya shingo yake, na mpangilio ule ndio uliokuwa na majina. Mimi niliuchambua nikautupa.

Alifanya kazi siku tisa. Aliweka mbao juu ya madebe, akatandaza nailoni, akaanza kupatanisha kiungo na kiungo. Nilikuwa nikisimama mlangoni kumtazama. Asubuhi ukungu ulipoingia, mifupa ilikuwa myeupe na ukungu ulikuwa mweupe, na niliona mikono yake tu ikitembea humo ndani, akiimba wimbo wa kanisa puani. Wakati mwingine nilisinzia nikiwa nimesimama. Nilimwona baba akipita kati ya mistari ya kahawa, akisimama kwenye kila mti kama anayetafuta kitu alichokiangusha, na asiniulize.

Riungu alikuja kuchungulia. "Msomi, sasa wewe tutakula nawe Krismasi ama tukuwekee sahani yako huko nje?"

"Niwekee sahani kubwa, mzee," Kaari akamjibu bila kuinua kichwa.

Wote watatu walikuwa wanaume, alisema, wote wa miaka kati ya ishirini na mitano na arobaini, na vimo vyao vilikaribiana. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Angekuwa mmoja mzee au mmoja mfupi, Kaari angemtenga. Palikuwa na vipimo vya maabara vya kulinganisha mifupa na mate yangu, lakini vilitaka vibali na muda, pengine mwaka, na mama hakuwa na mwaka.

Siku ya sita alimwuliza nyanya yake kama babu aliwahi kuumia. Mama akasema ndiyo, kabla hawajaoana alianguka kutoka kwenye mti akitundika mzinga, mkono wa kushoto ukavunjika chini ya kiwiko ukapona vibaya. Kaari alirudi stoo. Niliona amepiga magoti kwenye gunia la mifupa mirefu. Alitoka na mifupa miwili ya mkono wa chini, yote imepinda mahali pamoja.

Akaipeleka kwa mama juu ya kitambaa safi. Mama alifumba macho, akaishika pale kwenye kigongo, akaizungushia vidole.

"Ni huu," alisema. "Hata akilala ulikuwa hauwezi kunyooka." Kisha akafumbua macho. "Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

Kaari alipata mfupa wa mkono wa juu uliofunga na kiwiko kile, na ile mingine miwili ilikataa. Hapo akakwama. Bega ni legevu, alisema, linakubali karibu kila mkono. Mkono wa kulia wa kulingana nao aliutafuta siku tatu, akapata miwili inayofaa.

Nikamwita nje. Nilimwambia mama yangu amengoja miaka hamsini. Mafuvu ni matatu, achague moja, achague miguu, atengeneze mtu mmoja tuzike. Nani atajua?

"Mimi nitajua," alisema. "Kule wanatuchanganyia mifupa makusudi, wanatuambia tutenganishe. Nikikosea nakatwa alama. Hapa nikikosea, ninamzika baba wa mtu kwa jina la babu. Hao wawili pia wana watoto wanaowatafuta."

"Mama yangu anakufa, Kaari."

"Najua, baba. Na wewe ndiwe uliyemchambua."

Aliniomba msamaha jioni ile. Sikuwa na la kusamehe.

Mama ndiye aliyeamua. Alisema hataki kulala kando ya mgeni, na kwamba mkono unamtosha, kwa kuwa mkono ndio aliokuwa akiulalia. Tulizika Jumanne. Fundi alitengeneza sanduku dogo kama la mtoto mchanga. Mhubiri alisita mahali pa kutaja mwili, akasema "ndugu yetu," akaendelea. Baadaye mama aliagiza kondoo achinjwe, akampaka Kaari mafuta viganjani yeye mwenyewe, na Kaari akaketi akala na watu. Aliondoka siku mbili baada ya Krismasi.

Mama alikufa mwezi wa tatu, kabla ya mvua. Tulimlaza upande wa kushoto.

Mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita. Mama alipata mitatu. Mia mbili na mitatu, toa ile iliyoyeyuka udongoni, iko ndani ya stoo yangu, imechanganyika na ya wanaume wawili ambao mpaka leo hakuna aliyekuja kuwaulizia.