Barafu ya Kichaka Cheupe

Mdogo wangu Waweru alirudi Gatongora mwaka wa hamsini na sita na vichaka vitatu ndani ya gunia lililoloa. Mzungu ambaye Waweru alikuwa akimtunzia bustani alikuwa ameuza shamba anarudi kwao, na katika vitu vyote vya nyumba ile, Waweru, mwanamume mzima, aliomba vichaka. Aliviita karanti: kimoja cha matunda meusi, kingine mekundu, cha tatu meupe. Matunda yenyewe hakuwahi kuyaona, maana hata kule kwa Mzungu havikuzaa.

Nilimpa kona ya shamba langu, mahali pazuri pa maharagwe. Vikatoa majani, basi. Mbuzi wangu, aliyewahi kula leso yangu ya kanisani, aliyaonja akayatema. Masika yalipokaribia nikamwambia Waweru kwamba watoto wangu hawali majani. Tulivutana mpaka tukakubaliana: kichaka kimoja kibaki hadi mwisho wa mwaka, na kisipozaa nacho king'olewe.

Kuchagua kulimtesa. Cheusi kilinukia vizuri, chekundu kilikuwa na nguvu kuliko vyote. Mimi ningeacha chekundu. Yeye akachagua cheupe, kile kinyonge, kwa sababu katika baridi ya Julai iliyopita kilidondosha majani machache na wenzake wakabaki kijani. Mzungu alikuwa amemweleza kwamba kwao karanti hudondosha majani na kulala wakati wa baridi kali, na isiyolala haizai.

"Hiki kinajua kulala, dada," akasema. "Ni baridi tu hakijapata ya kutosha."

Nikang'oa vile viwili, nikapanda maharagwe.

Julai ilipoingia Waweru alikuwa akipakua mizigo stesheni ya Thika. Omar, muuza soda wa karibu na hapo, alimwachia barafu iliyobaki sandukuni kila jioni. Waweru aliifunika kwa maranda ya mbao, akaifunga kwenye baiskeli, akafika nyumbani mgongo umelowa chapachapa. Kisha alikivika kichaka gunia na kukizungushia barafu hiyo, taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Majirani walicheka, na kicheko changu kilikuwa kikubwa kuliko chao.

Agosti ikiisha, majani yote yakaanguka. Nikamwambia mti wake umekufa kwa homa ya mapafu. Aliondoa gunia, akangoja.

Mvua za vuli zilipoanza, vile vijiti vikavu vikachipua. Vilitoa pia vitu vidogo vya kijani ambavyo Waweru aliviita maua, nami nikanyamaza kwa heshima ya mama yetu.

Desemba ikiyoyoma, nilitoka asubuhi na jembe, maana neno langu ni neno. Jua lilikuwa linachomoza upande wa Ngoliba. Nikainama nishike shina, nikaona shada moja linaning'inia chini ya majani. Tunda moja moja lilikuwa dogo kama ushanga, na ngozi yake angavu hata niliona mbegu ndani, na vimishipa vyembamba, na mwanga wa jua umeingia humo ukakaa. Nimezaa, nimezika, nimelima tangu utoto, lakini sikuwahi kuona ndani ya tunda kabla ya kulikata. Nilishikwa na hofu, nasema wazi, ile hofu inayomfanya mtu avue viatu. Kitu hiki kilikuwa kimelala katika barafu ya muuza soda, kikaamka na tunda hili mkononi.

Nikamwita Waweru. Alipiga magoti, akachuma karanti ya kwanza maishani mwake, akanipa mimi. Lilikuwa chachu, likanikunja uso mzima, na machozi yaliyonitoka hayakuwa ya uchachu peke yake.

Ndipo akakumbuka jembe. Aliniuliza polepole kama bado naitaka kona yangu.

Nikaliinua, naye akafumba macho. Nilichimba shimo pale kilipokuwa cheusi, nikachimba jingine pale kilipokuwa chekundu.

"Kata vijiti vya hiki cheupe, uvipande hapa," nikamwambia. "Na Bwana Omar umwambie Julai tutataka barafu ya vichaka vitatu."