Chumvi Kwenye Barafu

Miaka sita Fridah alichukua maini kichinjioni Kitale alfajiri na kuyafikisha Bungoma yakiwa bado mabichi, jikoni mwa hospitali moja ya akina mama. Sharti lilikuwa moja tu: yasigandishwe. Hakuwa na mnunuzi mwingine.

Siku hiyo jua la Januari liliwaka vibaya, na alipofika Kimilili, katikati ya njia, barafu ya sanduku la maini ilikuwa nusu maji. Fridah si mtu wa kukaa akitazama. Alikumbuka wauza aiskrimu wanavyotia barafu chumvi ili baridi izidi, akanunua pakiti mbili akamwaga zote sandukuni. Akajipongeza njia nzima. Akili nyingi huondoa maarifa, lakini nani angemwambia? Kufika Bungoma barafu yote ilikuwa imeisha, maini yamelainika, naye hakushuku kitu.

Judy, mkaguzi wa chakula wa hospitali, alikamua majimaji ya ini akayadondosha kwenye kichupa cha dawa ya kupimia. Dawa ikageuka rangi. Akakamua ini la pili, ikawa vilevile.

Alimweleza taratibu kwamba ini limejaa vimeng'enya, vitu vidogo vinavyofanya kazi ya mwili, navyo vimefungiwa ndani ya chembechembe za nyama. Baridi ya kawaida huvilaza tu. Nyama ikiganda, barafu hupasua kuta za chembe, na ikiyeyuka vimeng'enya humwagika. Hivyo ndivyo dawa ilivyoviona.

Fridah alitazama sanduku lake: kumbe baridi ya ile chumvi iliyagandisha maini njiani, yakayeyuka kabla hajafika. Alielewa papo hapo, na heri asingeelewa.

"Nilitia chumvi tu, daktari," alisema. "Ati nilitaka yafike mazuri."

"Nakuamini, Mama. Lakini yaliganda."

Kuaminiwa huko kulimuuma kuliko angeitwa mwongo, maana hakukuwa tena na la kutetea. Judy aliandika kwamba maini yamekataliwa, akapiga muhuri.

Kesho yake Barasa wa kichinjioni, aliyekuwa akimwekea maini bora, alimwambia bila kumtazama kwamba hospitali imeshapata mtu mwingine, na maini ameshachukua. Habari ilikuwa imemtangulia.

Fridah akarudi nyumbani Matisi na sanduku tupu kichwani. Mpaka leo sokoni wanamwita Mama Friza, yeye ambaye maisha yake yote hajamiliki hata friji.