Ufa Uliokomea Fridley

Mume wangu Damas na kaka yangu Elihuruma waligombana juu ya kinanda. Elihuruma ndiye mwalimu wa kwaya yetu ya Watanzania hapa ughaibuni, mjini Fridley, na kwake kinanda ni cha wasiojua kuimba. Damas, besi wetu, alikuwa ameshakinunua. Akatangaza kwamba atahamia mji wa jirani, Bloomington, na nusu ya kwaya. Mimi nilihesabiwa humo bila kuulizwa, wakati kuimba na kaka yangu ndiko kunakonisahaulisha theluji. Wapiganapo tembo nyasi huumia, nami nilikuwa nimechoka kuwa nyasi.

Jumapili baada ya ibada nikapika mtori wa ndizi na nyama, nikawaita wote wawili bila kumwambia yeyote habari za mwenzake. Nina sofa moja tu. Wakakaa kila mmoja mwisho wake, katikati pengo la kumtosha mchungaji na mkewe.

Elihuruma ni mtaalamu wa miamba. Akatoa mfukoni jiwe jeusi, akaliweka mezani.

“Nimeliokota Taylors Falls,” alisema, akinitazama mimi. “Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, bara hili lilianza kupasuka hapahapa chini yetu, kama Bonde la Ufa la kwetu linavyopasuka sasa. Miamba iliyoyeyuka ikabubujika, ikaganda. Halafu ufa ukakoma.”

Nilijua anasema na nani. Damas naye alijua, maana kijiko chake kilisimama.

“Likabaki moja?” akauliza. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa shemeji yake tangu Pasaka.

“Moja. Tena mabara mengine yakaja yakajiunga nalo, yakawa bara kuu, Rodinia. Hilo nalo baadaye likavunjika, shemeji, lakini kwingine. Hapa pakashika.”

“Nini kiliuzuia huo ufa?”

“Bado tunabishana. Wengine wanasema bara jingine lilikuja kutoka mashariki, likasukuma.”

Dirisha langu la jikoni hupata jua la asubuhi, na Damas alikaa upande huo wa mashariki. Nikatua bakuli, nikajibana pembeni yake pasipo na nafasi, nikamsukuma kwa nyonga nilizojaliwa na Mungu. Akasogea. Nikasukuma tena, hadi bega lake likagusa la kaka yangu.

“Dada yako huyu,” Damas akasema, akicheka.

“Ulimtaka mwenyewe.”

Moyo wangu ukatulia. Lakini sikuinuka mpaka walipokubaliana: kinanda kipigwe wakati wa sadaka tu.