Asiyekula Chumvi

Mume wangu Alban alianza kunisomea tangazo la kisiwa cha Karibi nilikozaliwa mimi mwenyewe siku ya Jumanne, nikiwa jikoni nachambua mbaazi.

"Sikiliza hii, Ianthe," akasema, miwani imemshukia puani. "'Kisiwa kidogo, kimya, mbali na kelele za dunia. Fukwe nyeupe, watu wakarimu. Njoo upumzike.'"

"Kisiwa gani hicho?"

"Carriacou."

Nikaliweka bakuli chini. Mimi mtoto wa kijiji cha Harvey Vale, kitovu changu kimezikwa kule, halafu mtu ananisomea karatasi ya kunijulisha kwamba kuna ufukwe na watu wakarimu. Hao watu wakarimu nawajua kwa majina. Nusu yao hawasemezani na nusu nyingine.

"Wiki mbili, mwezi wa nne," Alban akaendelea. "Tunachukua chumba nyumba ya wageni, tunakaa barazani, tunatazama maji. Basi. Hatumtembelei mtu."

Hapo ndipo machale yaliponicheza. Alban alikuwa fundi wa treni za chini ya ardhi hapa Brooklyn miaka thelathini na mmoja, na hajawahi kukaa kutazama maji ila yakivuja. Tangu astaafu ameshalibomoa na kulijenga upya kabati la jikoni mara mbili. Na kwenda Carriacou usimtembelee mtu, hilo haliwezekani. Ukishuka tu kwenye boti pale Hillsborough, mzigo haujagusa chini, shangazi wa mtu ameshakuuliza mbona umenenepa. Sisi haturudi kule kupumzika. Tunarudi kuzika, kuozesha watoto na kugombania ardhi.

Mimi sikuwa nimerudi kwa miaka kumi na minne, tangu tumzike mama yangu. Alban alilijua hilo, na alijua kwamba nyumbani kwetu halizungumzwi. Leo ghafla kisiwa kimekuwa mahali pa starehe?

"Sawa," nikamwambia. "Panga."

Nilikubali ili nione atapanga nini. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Alipanga kweli. Tiketi zilinunuliwa kesho yake, na huyo ni mtu ambaye kununua viatu humchukua miezi miwili. Akaanza kupiga mluzi bafuni. Kila nilipoingia chumbani alifunika karatasi kwa kiganja, na nilipomuuliza ni nini alinijibu, "Mambo ya likizo." Tangu lini likizo ina karatasi za kuficha?

Siku ya tatu nikashuka chumba cha chini kutafuta sabuni, nikakuta pipa. Pipa lenyewe si ajabu. Nyumba gani ya mtu wa kwetu haina pipa la kujazwa kidogo kidogo likapelekwa nyumbani kwa meli? Lakini pipa la nyumba hii hulijaza mimi. Hili lilikuwa jipya, limesukumwa nyuma ya mtambo wa maji moto na kufunikwa blanketi. Nikafungua. Mchele, unga, mishumaa. Chini ya mishumaa, shuka nyeupe jozi mbili, nzuri, za aina ambayo mimi sijanunuliwa tangu niolewe. Na chini kabisa, imefungwa kwa gazeti, sahani moja ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu.

Sahani moja. Anayepelekea familia hupeleka sahani sita. Sahani moja ni ya mtu mmoja.

Nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Jumapili baada ya ibada nikamvuta pembeni Dada Eulalie, ambaye amezika waume wawili na hakumwamini hata mmoja.

"Shuka nyeupe?" akauliza.

"Nyeupe."

"Jozi mbili?"

"Mbili."

Akaufunga mkoba wake kwa kishindo. "Dada yangu, mwanaume akikwambia pumziko, muulize pumziko la nani."

"Eulalie, Alban ana miaka sitini na tisa. Goti lake halikunjiki."

"Goti halina kazi hapo, mpenzi. Wangu wa pili alikuwa mbovu magoti yote mawili."

Nilicheka, lakini nilikuwa na hofu, nisidanganye. Miaka thelathini na sita nimekuwa mke wa mtu huyu. Najua anakohoaje akiwa na homa na anakohoaje akiwa na uongo. Nikaapa moyoni, palepale kwenye ngazi za kanisa: nikithibitisha kuna mwanamke Carriacou, atasafiri peke yake, na akirudi asinikute.

Alhamisi nikawahi kurudi kutoka kliniki. Mlango wa chumba cha chini ulikuwa wazi, na Alban alikuwa huko anaongea na simu. Nikavua viatu. Nikashuka vidato vitatu, nikasimama.

"Nyeupe, Cosmus," alikuwa anasema. "Ile ya kijivu hapana. Isuguliwe mpaka ing'ae."

Cosmus ni binamu yangu, fundi mwashi, hodari kuliko wote kisiwani. Kumbe anamjengea! Na anamjengea kwa mikono ya damu yangu!

"Chakula chake kipikwe bila chumvi," Alban akasema. "Hata chembe. Unajua mwenyewe alivyo, tukikosea hatatupa raha... Mimi? Ananiandama kila siku, ndugu yangu. Nimechoka. Nataka nimtimizie haja yake niishi kwa amani... Hapana, hapana! Ianthe asijue mpaka tufike. Akijua hapandi ndege."

Nikakaa kwenye kidato, viatu mkononi. Bila chumvi. Basi mwanamke mwenyewe ana presha! Nikamwona waziwazi: mama wa makamo, mnene, amejikalia kwenye nyumba nyeupe aliyojengewa na binamu yangu, anakula chakula chake kwenye sahani ya ukingo wa buluu. Na kilichoniuma kuliko vyote, nisiwafiche, ni ile chumvi. Daktari alimkataza Alban chumvi miaka mitatu iliyopita. Nimepika bila chumvi, nimebembeleza, nimelia. Akasema chakula kama hicho ni cha hospitali, akaenda kabatini kuchukua kopo. Leo kwa ajili ya mwingine, hata chembe!

Nilinyamaza siku mbili. Nilimpikia, nikamfulia, nikamwangalia. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni raha ya kungojea likizo.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana akasinzia kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, kama kawaida yake. Mimi napiga pasi. Mara midomo ikaanza kumchezacheza.

"Nitafanya, mama," akanong'ona. "Nimesikia. Shuka nimeshanunua... Usinikasirikie, mama."

Pasi nikaizima, maana sitaki kuunguza nyumba kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua. Nikashuka chini, nikaitoa ile sahani pipani, nikapanda, nikaigonga kwa mwiko karibu na sikio lake. Aliruka na goti lake bovu.

"Mama nani?" nikamuuliza.

"Eh?"

"Mama nani unayemnunulia shuka? Jina lake nani? Wa kijiji gani? Ana watoto?"

Akaitazama sahani. "Umefungua pipa."

"Nimefungua pipa, nimesikia simu, na macho ninayo. Fukwe nyeupe! Watu wakarimu! Mmoja mkarimu sana, naona! Cosmus anamjengea nyumba nyeupe, na presha anayo. Alban, mzee mzima uliyekula chumvi nyingi kiasi hiki, unaniacha mimi unakwenda kwa mwanamke asiyekula chumvi?"

Nilitegemea aape au apige kelele. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Ianthe," akasema polepole. "Wewe mtoto wa Harvey Vale. Unaniuliza mimi, kwetu, ni nani asiyekula chumvi?"

Mwiko ukaniponyoka.

Kwetu chakula cha waliokufa hupikwa bila chumvi. Hupakuliwa kwenye sahani safi, kikawekwa peke yake mezani kati ya mishumaa, na hakiguswi na mtu mpaka wazee waseme kwamba marehemu wameshakula. Nimeyajua hayo kabla sijajua kusoma. Nilijua pia kwamba mtu akizikwa, jiwe la kaburi lake husubiri, pengine miaka, mpaka watoto wajiandae. Siku ikifika jiwe hulazwa nyumbani kwake juu ya shuka nyeupe, likanyunyiziwa ramu na maji, ndipo lisindikizwe kaburini na karamu ifanywe. Kabla ya hapo mtu hajalala sawasawa, na asiyelala huja ndotoni kudai. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani, na nilipoona shuka, mishumaa na sahani moja, niliona hawara.

"Ni mama yako," Alban akasema. "Ma Zephrine. Anakuja tangu mwezi wa kumi. Anakaa pale unapopigia pasi, kilemba kichwani, ananiuliza jiwe lake liko wapi."

Nilivuta kiti nikakaa. Ndugu zangu walishaniuliza juu ya jiwe hilo, mara ya kwanza, mara ya pili, wakachoka. Niliwajibu nilivyofundishwa kanisani hapa, kwamba wafu hawali. Lilikuwa jibu zuri na halikuwa la kweli. Ukweli ni kwamba siku naondoka Carriacou mama alisimama mlangoni akaniambia, "Usiniletee mapipa. Njoo mwenyewe." Nikapeleka mapipa miaka ishirini. Nilipokwenda mwenyewe alikuwa ameshafunikwa uso. Ningemwekea jiwe kwa macho gani?

Lakini hasira haikuisha. Ilibadili tu mahali pa kukaa.

"Anakuja kwako?" nikasema. "Wewe? Hajawahi kukupenda! Alisema masikio yako ni ya punda!"

"Bado anasema."

"Basi kwa nini aje kwako na mimi nipo, niliyetoka tumboni mwake?"

Alban akalisugua goti lake. Niliona hataki kusema.

"Nilimuuliza," akasema. "Akaniambia kwako amegonga mpaka mkono umechoka. Hufungui."

Nililia hapo. Sikulia kwa adabu, nililia kama nilivyopaswa kulia miaka kumi na minne iliyopita. Alban aliichukua ile sahani mapajani mwangu, akaifuta kwa fulana yake, akaiweka mezani.

"Ungeniambia," nikamwambia nilipoweza kusema.

"Ungekataa. Ungeniletea mchungaji hapa." Kisha akasema, "Lakini sikudanganya, Ianthe. Nilikwambia ni safari ya kupumzika. Wewe hukuniuliza ya nani."

Nikamkumbuka Eulalie na mkoba wake, nikataka kucheka, nikashindwa. Maana tayari kuna jambo jingine lilikuwa limenijia, na mimi nikishaanza kushuku siachi katikati.

"Jiwe limeandikwa nini?"

"Jina lake. Miaka yake."

"Na aliyeliweka? Wameandika nani?"

Akatazama dirishani. Akakohoa. Hakikuwa cha homa hicho kikohozi.

"Nipe simu," nikasema.

Cosmus alipokea mlio wa kwanza. Nyuma yake niliwasikia mbuzi, na mtu anagonga chuma.

"Ianthe! Kumbe bado uko duniani, msichana!"

"Nisomee jiwe, Cosmus."

Akasema, "Alban ameshikwa?"

"Ameshikwa. Soma."

Alijisafisha koo kama anayesoma kanisani. "'Zephrine Bethel, wa Harvey Vale.' Halafu miaka. Halafu 'Apumzike.' Halafu 'Jiwe hili limewekwa na.'"

"Na nani?"

"Basi. 'Limewekwa na.' Pameishia hapo. Mumeo alisema niache mstari. Alisema, akikataa kabisa, tutaandika mkwewe, lakini nisubiri mpaka siku ya mwisho."

Nikamtazama Alban. Alikuwa ameinama anaokota mwiko wangu sakafuni, kwa shida, kwa sababu ya lile goti.

"Andika 'Ianthe, binti yake,'" nikamwambia Cosmus.

"Herufi zipi? Ndogo ni nzuri zaidi, zinapendeza."

"Kubwa," nikasema. "Mama alikuwa haoni vizuri."

Nikakata simu. Pasi ilikuwa imeshapoa na nguo nusu bado hazijapigwa. Nikamwambia Alban ainuke kwenye kile kiti chake, aende akamalizie kujaza pipa, na sahani asiisahau. Sasa ni zamu yangu. Nikakaa, nikaegemeza kichwa, nikafumba macho, na mlango wa jikoni nikauacha wazi.