Mstari Uliotoka Ubaoni

Barafu ilitoka Kabambare alfajiri, mifuko sita, imefukiwa kwenye pumba za mpunga nyuma ya pikipiki. Ilipofika Wamaza ilibaki mitatu. Madame Léocadie, mwalimu wa sayansi, aliipokea kwa mikono miwili, akaisitiri chini ya meza. Nyingine haingepatikana leo, na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Maana Inspekta Dominique alishafika kutoka Kasongo na karatasi yake. Humo mlikuwa na swali moja lililomnyima Léocadie usingizi wiki nzima: laboratoire, yaani maabara, iko ao hakuna? Kama hakuna, section ya sayansi inafungwa, na wanafunzi wake kumi na mmoja wanarudi shambani. Nani kati yao ana ndugu wa kumpokea Kasongo akasome huko? Hata mmoja! Na Léocadie, kwa kiburi chake, alikuwa amemwandikia inspekta kwamba laboratoire si jumba, na kwamba kwa bomba la sindano tu darasa lake litamwonyesha baridi inakoishia. Loo, mdomo huo!

Kazi yenyewe si ngumu. Hewa ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa. Unaifungia ndani ya bomba, unasoma imekuwa kiasi gani kwenye maji yanayochemka, unasoma tena kwenye barafu, unachora mstari, kisha unauendeleza kushoto mpaka pale hewa ingebaki sifuri. Vitabu vinasema hapo, baridi inakoishia, ni nyuzi mia mbili sabini na tatu chini ya barafu.

Bomba lilikuwa la kioo, la zamani, mdomo wake umezibwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kijiti chake cha kusukumia kilikuwa kinakwaruza, kwa hiyo jana Léocadie alikipaka mawese, kama anavyopaka bawaba na kufuli za nyumbani.

Wakaanza. Hewa ya darasani, nyuzi ishirini na nane: alama ya arobaini kwenye bomba. Kwenye sufuria juu ya mbabula ya makaa, nyuzi tisini na nane: arobaini na tisa na nusu. Hawa, msichana wa mbele, aliandika ubaoni. Léocadie akapasua mfuko wa kwanza na wa pili, akalizamisha bomba kwenye barafu, wakangoja. Kijiti kilishuka kidogo, kikagoma.

"Thelathini na tisa," Hawa akasema, na sauti yake ikafifia.

Nukta tatu zikachorwa, rula ikawekwa kati ya ile ya barafu na ile ya maji moto. Nukta ya katikati ilining'inia chini, peke yake. Mstari ukatoka ubaoni, ukapita ukutani, ukapita dirisha, ukaenda kukoma mlangoni: mia tatu sitini na nne. Nyuma mtu akacheka, akanyamaza upesi.

Nje, Clovis, dereva wa pikipiki ya inspekta, alipiga honi. "Shefu, mvua hiyo! Tukikwama kwenye tope mimi simo!"

Inspekta akaangalia saa, akainama karibu na Léocadie. "Madame, jibu unalijua. Ingepaswa kuwa thelathini na sita, si ndiyo? Andika thelathini na sita, tumalize."

Watoto wote walikuwa wanamtazama. Chaki ilikuwa mkononi. Tarakimu moja tu, na section inapona! Mungu wangu, alitamani kuiandika!

"Haikusoma hivyo, Bwana Inspekta," akasema. "Nipe nusu saa."

Akalitoa bomba kwenye maji ya barafu, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kati ya kioo na kijiti, mawese mekundu yalikuwa yamegeuka manjano, mazito, yameganda. Akajipiga paji la uso. Si kila asubuhi ya baridi ya kiangazi mama yake huisogeza chupa ya mawese karibu na moto ndipo imiminike?

"Mjinga mimi!" akasema mbele ya darasa zima, akakimbia nje. "Clovis, ndugu yangu, nipe tone la mafuta ya moteur!"

Clovis akalalamika, lakini akampa. Bomba likaoshwa kwa sabuni, likapanguswa, likapakwa upya, hewa mpya ikafungiwa: arobaini. Kwenye sufuria: arobaini na tisa na nusu tena. Mfuko wa mwisho ulikuwa nusu maji. Matone ya kwanza yakagonga mabati. Kijiti kikashuka taratibu, kikashuka tena, kikatulia.

"Thelathini na sita!" Hawa akapiga kelele.

Nukta tatu zikakaa safu moja. Mstari ukatoka ubaoni, ukaingia ukutani, ukakoma kando ya dirisha. Hawa akapima kwa rula mara mbili. "Mia mbili sitini na moja, Madame."

Si sabini na tatu. Léocadie akageuka. "Tumekosa kumi na mbili," akamwambia inspekta. "Ndicho tulichopima. Siongezi kitu."

Inspekta Dominique alifungua kalamu, akaandika neno moja, akamgeuzia karatasi asome: iko.

"Wiki hii niliomba shule tatu jaribio lako hili, zikanipa mia mbili sabini na tatu kamili," akasema, akivaa koti la mvua. "Zote nimeziandikia hakuna."